Furushi la Bi Kidawa

Jamani mlioketi, hadithi iko nje, inabisha hodi!

Karibu, ipite, ikae nasi!

Niimwage au niimeze?

Imwage!

Haya, naimwaga. Ila wewe unayetafuna mahindi hapo nyuma, tafuna polepole, nisije nikashindana na meno yako.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kuzikunja vizuri kuliko baadhi yetu hapa, kulikuwa na mjane mmoja akiitwa Bi Kidawa. Alikuwa digidigi wa nyikani. Digidigi mnamjua, mnyama mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa, na moyo wa kushtuka hata jani likianguka. Bi Kidawa alikuwa hivyo hivyo, na juu ya hayo alikuwa mtu wa kuogopa sana watu watasema nini.

Alikuwa na binti mmoja tu, Mize. Alimzaa mmoja na kumlea mmoja. Huyo Mize aliolewa mbali, juu mlimani, kwa mbuzi mawe, wale wanaoishi kwenye majabali na kuruka jiwe hadi jiwe. Watu wazuri, hatuwasemi vibaya, lakini ni wa baridi na ukungu, na manyoya yao ni magumu kama ufagio wa chelewa. Siku Mize alipochukuliwa, Bi Kidawa alilia mpaka kamasi zikamwishia. Basi akakaa, akasubiri siku atakayoitwa.

Siku hiyo ikafika. Asubuhi moja Njiwa alitua uani kwake, akaomba maji, akanywa, halafu akatoa ujumbe. Mize amejifungua jana, mtoto wa kike. Mtoto ni mdogo sana, anajaa kwenye kiganja. Na Mize kasema hivi: "Mwambieni mama aje. Asihangaike na kitu. Aje tu."

Bi Kidawa alipiga kigelegele, akakaa chini, akasimama, akakaa tena. Njiwa akarudi zake. Toka nyikani hadi kule majabalini ni mwendo wa siku moja, ukitoka alfajiri unafika jioni. Kwa hiyo Bi Kidawa angeweza kuondoka kesho yake. Ndivyo alivyokusudia.

Lakini hapa lazima niwaambie desturi ya watu wale. Mama anapokwenda kumlea bintiye aliyezaa, hubeba furushi. Furushi moja tu. Akifika na mawili, watu wa ukweni hucheka pembeni, husema huyu kahama kwake, kaja kukaa. Na furushi hilo halifunguliwi chumbani. Hufunguliwa mlangoni, wanawake wote wa ukweni wamesimama, nguo zinatolewa moja moja, na kila moja inapigiwa vigelegele. Ikiwa furushi ni la maana, binti anatembea kichwa juu mwaka mzima. Ikiwa ni la ovyo, basi tena.

Sasa furushi ni moja, na mwezi wenyewe ulikuwa ule usioeleweka. Asubuhi jua linachoma utosi, adhuhuri mvua inakuja bila hodi, alasiri upepo unashuka mlimani na unapenya hadi mifupani. Nguo zipi zichukuliwe, zipi ziachwe? Bi Kidawa alitandika mkeka, akazipanga zote, akashika kiuno.

Jirani yake wa kwanza alikuwa Kenge, ambaye siku nzima huota jua juu ya jiwe. Bi Kidawa akamuuliza, jirani, hali ya hewa ya safari itakuwaje? Kenge akafungua jicho moja. Akasema itakuwa jua, jua tupu, na mwenye akili atabeba nguo nyepesi. Bi Kidawa akamwamini. Akaweka kanga tatu za kushinda, leso mbili, na gauni la pamba lisilo mikono. Juu yake akaweka kisutu kipya, ile kanga ya heshima, maana ukweni bila kisutu huendi. Akafunga, akaimba:

Mize mwanangu, nakuja, nakuja,
Ngoja nifungue, ngoja nifunge,
Mize mwanangu, nakuja.

Nyie mnaitikia vipi? Nakuja! Ndiyo hivyo.

Alikuwa akilijaribu furushi kichwani alipopita mbele ya mtungi wa jirani wa pili, Chura. Chura akatoa kichwa, akamtazama juu hadi chini, akamhurumia. Akamwambia kuwa mvua iko karibu, yeye anaisikia kwenye ngozi, itanyesha ya kufurika. Bi Kidawa akarudi ndani. Akafungua furushi, akaongeza mwavuli, koti la mvua na mabuti. Mabuti manne, si miguu ni minne? Akafunga tena, akaimba tena. Siku ikawa imekwisha, akasema ataondoka kesho.

Kesho yake akatoka. Akamkuta jirani wa tatu, Kuku Kishingo, yule asiye na unyoya hata mmoja shingoni, amejikunyata ukutani. Kishingo akamwambia, shoga yangu, jua wapi, mvua wapi, kule ni baridi, utaganda usimame kama mti. Bi Kidawa akashtuka. Akarudi ndani. Akafungua furushi, akaongeza blanketi, sweta mbili, shali ya sufi, kofia, na soksi jozi mbili. Sasa furushi halifungiki. Akalikalia, halifungiki. Akaruka juu yake, likafunga, likafumuka. Siku ya pili ikaishia hapo, na ya tatu nayo ikaishia kwenye kutoa hiki, kuingiza kile, kukunja na kukunjua.

Mnacheka, lakini mimi simcheki. Mwanamke aliyeitwa na mwanawe ana hofu nyingi, na hofu huitafutia kazi mikono. Kila nguo aliyoiweka alikuwa akimwona Mize: Mize na jua, Mize na mvua, Mize na baridi. Na nyuma ya Mize alikuwa akiwaona wale wanawake wa ukweni wamesimama mlangoni. Jambo moja tu namlaumu. Njiwa alitoka huko huko mlimani, mabawa yake yalikuwa bado mabichi, na hakuna aliyemuuliza hali ya hewa. Kenge alisema jua kwa sababu anapenda jua. Chura alitaka mvua akasema mvua. Kishingo alikuwa akitetemeka yeye.

Siku ya nne, alfajiri, Bi Kidawa akaondoka. Furushi lilikuwa kubwa kuliko yeye. Aliyemwona kwa mbali alidhani furushi limeota miguu.

Alipofika katikati ya nyika, jua likatoka, likawaka. Bi Kidawa alikuwa amevaa sweta kwa ajili ya Kishingo. Jasho likamtiririka. Akataka ile kanga nyepesi. Kanga nyepesi iko wapi? Chini kabisa, maana ndiyo iliyotiwa kwanza. Akatua furushi, akafungua, akatoa blanketi, akatoa shali, akatoa mabuti, akatoa mwavuli, akaipata kanga. Akavaa. Akarudisha vyote kimoja kimoja, akakalia, akaruka, akafunga, akaimba:

Mize mwanangu, nakuja, nakuja,
Ngoja nifungue, ngoja nifunge,
Mize mwanangu, nakuja.

Kutazama juu, jua limeshapanda sana, na yeye hajafika popote.

Akaenda, akaenda. Alipoanza kuingia msituni chini ya mlima, mvua ikamwagika. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika tu. Akataka koti la mvua. Koti liko wapi? Katikati, kati ya sweta na kisutu. Akatua, akafungua, akatoa hiki, akatoa kile, na kila anachokitoa kinalowa. Alipolipata koti, alikuwa amelowa chepechepe na furushi limelowa kuliko yeye. Mwavuli akaufungua, upepo ukaupindua ukawa kama bakuli. Akafunga furushi hivyo hivyo na maji yake, akaimba, lakini safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Nguo kavu ni mzigo, nguo iliyolowa ni mzigo na nusu. Blanketi lilikunywa mvua yote ile. Bi Kidawa alipanda hatua kumi, akapumzika. Hatua tano, akapumzika. Mvua ikakatika, ukungu ukashuka, na baridi ikaja nayo. Akataka sweta. Akatua furushi kwenye jiwe kando ya njia, akaanza kufungua fundo. Fundo limelowa, limekaza. Akalishika kwa meno.

Hapo ndipo Njiwa aliposhuka kutoka juu, akatua kwenye jiwe lile lile. Alikuwa njiani kumfuata tena nyikani. Akamtazama Bi Kidawa, fundo mdomoni.

"Bi Kidawa," akasema, "bado uko huku?"

Bi Kidawa akamweleza kuhusu jua, na mvua, na koti. Njiwa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia habari za nyumbani. Tangu mtoto azaliwe, jua halijaonekana majabalini. Wamemfunika kwa kila nguo iliyoko, na nguo zote zina unyevu, hakuna kinachokauka. Moto wamekoka, lakini kuni zenyewe zimelowa, ni moshi tu. Mtoto amepoa miguu. Tangu jana jioni hashiki ziwa. Na Mize ana homa, anatetemeka, hawezi kumpasha mtoto joto kwa mwili wake.

"Siku ya kwanza aliuliza mama amefika wapi," Njiwa akasema. "Siku ya pili aliuliza. Jana aliuliza. Leo hajauliza."

Bi Kidawa akaliachia fundo.

Akalitazama furushi, na nitawaambia alichokiona. Aliona kisutu kipya ndani ya furushi. Aliona mlango wa ukweni, na wanawake wamesimama, na yeye anafika mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa kwake. Aliona Mize akiinamisha kichwa mwaka mzima. Mama mkwe atasema nini? Majirani watasema nini? Digidigi mzima, ameitwa kwa mjukuu wake wa kwanza, kaja bila hata kitambaa.

Halafu akamwona mtoto. Hajawahi kumwona, lakini alimwona. Mdogo, anajaa kwenye kiganja, miguu imepoa.

Aibu ilimshika, jamani, msidhani haikumshika. Alilia. Lakini alilia huku anakimbia. Furushi likabaki kwenye jiwe. Bi Kidawa akapanda mlima bila furushi, na miguu yake ile ya vijiti, ambayo siku nzima ilikuwa ikitetemeka chini ya mzigo, ikakumbuka kwamba ni miguu ya digidigi. Akaruka shina, akaruka kijito, akaruka jabali. Wimbo akaimba, lakini ulikuwa umepungua maneno:

Mize mwanangu, nakuja.
Mize mwanangu, nakuja.

Itikieni! Nakuja!

Koti la mvua likamzuia magoti, akalivua, akalitupa. Baridi akaisahau. Alikimbia mpaka mwili ukawaka, mpaka mvuke ukawa unamtoka mgongoni, mpaka manyoya yake laini yakakauka yenyewe kwa joto la ndani.

Jioni, kukiwa bado kweupe, alifika majabalini. Wanawake wa mbuzi mawe walikuwa wamesimama mlangoni, maana Njiwa alitangulia kusema anakuja. Walikuwa wameshaweka midomo tayari kwa vigelegele. Wakamwona kaja na kanga moja kiunoni, matope hadi magotini. Vigelegele vikaishia kooni. Wakatazamana.

Mama mkwe wa Mize aliitwa Bi Nakiete, mwanamke mrefu, mwenye kushika sana desturi. Akasogea mbele. Akamwamkia vizuri kama inavyopasa, kisha akauliza, kwa sababu ndivyo inavyoulizwa, "Mkwe wangu, furushi liko wapi?"

"Nimeliacha njiani," Bi Kidawa akasema. "Nipeni mtoto."

Haijawahi kutokea. Mgeni hapewi mtoto kabla furushi halijafunguliwa. Mmoja akaguna, mwingine akajikohoza. Bi Nakiete alisimama akimtazama yule digidigi mdogo anavyohema. Akamsogelea akamgusa begani, kama anayetaka kumzuia. Akauondoa mkono haraka. Bega lilikuwa la moto.

Aligeuka, akaingia ndani, akatoka na bunda la nguo. Ndani ya bunda hilo, chini ya nguo saba zenye unyevu, mlikuwa na mtoto.

Bi Kidawa akaketi papo hapo kizingitini. Akaanza kufungua. Akatoa nguo ya kwanza, baridi. Ya pili, baridi. Akazitoa zote saba, wanawake wakashika vichwa, wakasema anamvua mtoto kwenye baridi hii, anamuua. Hakuwasikiliza. Akamlaza mtoto mtupu kifuani pake, kwenye manyoya laini yanayofuka mvuke, akamkumbatia kwa mikono yote, akainama juu yake. Akatulia.

Bi Nakiete alikuwa amejaribu hayo tangu juzi, lakini niliwaambia manyoya yao yalivyo. Kila akimlaza mtoto kifuani, mtoto alichomwa akalia, akamrudisha kwenye nguo. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na mwili wa mlimani.

Muda ukapita. Kisha mtoto akajinyoosha mguu mmoja. Akasogeza mdomo, akatafuta. Bi Kidawa akainuka naye hivyo hivyo, akaingia chumbani, akapanda kitandani kwa Mize, akajilaza nyuma ya mwanawe, mkono wake ukimshika mtoto kifuani kwa Mize. Mtoto akashika ziwa.

Mize akafungua macho. Akanusa, maana hata na homa mtoto humjua mama yake kwa harufu.

"Mama, umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, mwanangu," Bi Kidawa akasema. "Nilikuwa nafunga nguo. Nisamehe."

Mize alirudi nyuma kidogo, akauegemeza mgongo wake kwenye tumbo la mama yake, kama alivyokuwa akilala utotoni. Walilia wote wawili kimya kimya, na mtoto akanyonya kama aliyetumwa.

Bi Nakiete alisimama mlangoni akiwaangalia. Akafungua kanga yake mwenyewe kiunoni, ile aliyokuwa ameivaa siku nzima jikoni, ikapata joto lake, akawafunika wote watatu. Halafu akatoka nje na kuwaambia wanawake watafute kuni kavu hata kama ni kuvunja kitanda chake.

Kesho yake mkwe wa Bi Kidawa, mumewe Mize, akateremka kulifuata furushi. Alikuta nyani wameshaligawana. Mmoja amevaa soksi masikioni, mwingine kajifunga kisutu na anatembea kwa maringo, na mkubwa wao amekaa ndani ya mwavuli uliopinduka. Akawaachia. Siku ya nne tangu afike, jua likatoka majabalini, nguo zote zikaanikwa juu ya mawe, na Mize akakandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga hadi homa ikamwachia. Bi Kidawa akakaa siku zote arobaini akivaa nguo za kuazima za Bi Nakiete, zinazomburuta chini, na hakuna aliyecheka. Au tuseme walicheka, lakini mbele yake, naye akacheka nao.

Na desturi ile? Furushi bado hubebwa, bado ni moja, bado hufunguliwa mlangoni kwa vigelegele. Lakini Bi Nakiete, yule yule mshika desturi, aliongeza jambo moja. Mama wa mzazi akitokeza tu kwenye majabali, anapewa mtoto kwanza. Furushi linaweza kukaa nje hata siku mbili, hakuna anayeliuliza.

Basi hadithi yangu inasema hivi. Mtu wako akikuita, anakutaka wewe. Jua, mvua na baridi utavikuta njiani, hata ujiandae vipi. Beba unachoweza kubeba, lakini mzigo ukikuchelewesha kwa anayekusubiri, utue, nenda. Wewe wa mahindi, umesikia?

Nimefika mwisho, naukunja mkeka. Ikiwa imewakolea, gawaneni. Ikiwa imekosa chumvi, niachieni mimi mpishi.